Kubandika Stika Vipepeo wa Monaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikulia Muheza, na sasa naishi Iowa, kwenye nchi ya mahindi na soya. Kila mwezi wa tisa majirani huniona nikikimbia na wavu kwenye majani marefu nyuma ya mtaa, mtu mzima na mvi zangu. Nanasa vipepeo wa monaki, nawabandika stika ndogo yenye namba kwenye bawa, kisha nawaachia, ili ijulikane wanafika wapi. Na kila mwaka ndugu zetu wanaosema Kiswahili hapa, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, huniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, ili msimu ukifika nishike wavu badala ya simu.

Monaki ndiye kipepeo gani?

Ni yule mkubwa wa rangi ya chungwa, mwenye mishipa myeusi iliyokolea kama imechorwa kwa wino, na pindo jeusi lenye vitone vyeupe. Akitanua mabawa hufika karibu sentimita 10, ila uzito wake ni nusu gramu tu. Wataalamu humwita *Danaus plexippus*. Kiwavi wake ana milia myeupe, myeusi na ya njano, na hali kitu kingine ila milikwidi, ule mmea wa porini unaotoa utomvu mweupe ukiukata. Utomvu huo una sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mwa kiwavi hadi anapokuwa kipepeo. Ndege akimla mmoja humtapika, na harudii.

Mbona nimewahi kumwona nyumbani, shambani kwa bibi?

Uliyemwona ni binamu yake, *Danaus chrysippus*. Naye ni wa chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye baka jeupe, ila hana ile mishipa minene meusi katikati ya bawa. Hula mimea ya ukoo uleule wa utomvu mweupe, na huruka polepole bila wasiwasi kwa kuwa anajua hana adui wa kumtamani. Monaki mwenyewe hatumpati Afrika Mashariki kwetu.

Usimdharau binamu huyo. Maeneo ya Nairobi na Kampala watafiti wamekuta majike wenye bakteria waishio mwilini mwao, ambao huua mayai yote ya kiume, ikawa jike anazaa mabinti watupu. Nikiwasimulia wenzangu wa hapa wakati wa chai huacha kutafuna.

Kwa nini mumbandike stika? Si mumwache aende zake?

Kwa sababu alikuwa akienda zake na hakuna mtaalamu aliyejua wapi. Kila vuli monaki wote wa mashariki ya milima ya Rocky, tangu kusini mwa Kanada, hutoweka. Fred Urquhart, mtaalamu wa wadudu wa Toronto, alianza kulifuatilia jambo hilo mwaka 1937, na baadaye akashirikiana na mkewe, Norah. Karatasi zao za kwanza zilibandikwa kwa gundi kama stempu za barua. Mvua ikanyesha, zikabanduka zote. Wakahamia kwenye vibandiko kama vile vya bei za dukani, wakavikunja kwenye ukingo wa bawa la mbele, na kuanzia mwaka 1952 wakaomba watu wa kawaida wawasaidie. Walimu, watoto wa shule na wastaafu wakaitikia.

Majibu yalipatikana tarehe 2 Januari 1975. Catalina Aguado, mzaliwa wa Michoacán nchini Mexico, na mwenzake Ken Brugger, waliokuwa wakiwasaidia kina Urquhart kutafuta, walipanda mlima Cerro Pelón wakakuta miti imefunikwa na vipepeo kwa mamilioni. Urquhart mwenyewe alifika Januari 1976, na pale chini, katikati ya mamilioni hayo, akaokota mmoja mwenye kibandiko chake. Alikuwa amebandikwa Agosti 1975 na watoto wa shule wa Chaska, Minnesota. Mwezi Agosti 1976 gazeti la National Geographic lilitoa habari hiyo, na picha ya Catalina ikiwa jaladani.

Huwa napenda kuongeza kwamba wanavijiji wa milima ile walikuwa wakiwaona vipepeo hao miaka yote. Hufika karibu na tarehe 1 na 2 Novemba, siku za kuwakumbuka marehemu, na wazee wa huko husema ni roho za waliotangulia zimekuja kusalimia. "Kugunduliwa" maana yake ilikuwa kwamba watu wa Toronto nao wamejua.

Sasa si tunajua wanakoenda? Stika za leo ni za nini?

Leo tunauliza maswali mengine. Wanaotoka Nebraska wanafika kwa wingi kuliko wa Ohio? Wanaochelewa kuondoka wanafika? Mwaka wenye ukame Texas, wanapungua njiani?

Hili la kupungua njiani lilileta ubishi mkali. Kundi moja lilisema shida kubwa ni vifo vya safarini. Kundi la pili likasema shida iko huku kaskazini, ambako milikwidi imetoweka mashambani. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi wa stika zilizobandikwa kuanzia 1998 hadi 2015, zaidi ya milioni moja, na haukuona dalili kwamba safari yenyewe inazidi kuwashinda. Wingi wao Mexico ulifuata wingi wao wakati wa kuondoka. Takwimu hizo zilitoka kwa watu kama mimi na wewe, wenye wavu na kalamu.

Nani anaendesha shughuli hii?

Kwa upande wa mashariki ya Rocky ni Monarch Watch, mpango ulioanzishwa mwaka 1992 na Orley Taylor, ambaye wote humwita Chip, katika Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence. Tangu hapo wamebandikwa vipepeo zaidi ya milioni 2. Magharibi kuna mipango mingine, yenye stika zake na masharti yake.

Wanalipa kiasi gani?

Mama mmoja wa Bukavu aliniuliza hivi huku tayari amefungua kikokotoo kwenye simu. Hawalipi, mama. Stika unanunua wewe. Huuzwa kwa pakiti, ndogo kabisa ikiwa na 25, na ni busara kuagiza mapema kabla ya vuli maana huisha. Wavu unaweza kuushona nyumbani kwa kitambaa cha chandarua na mpini wa ufagio. Wangu wa kwanza ulikuwa hivyo na ulivumilia misimu mitatu.

Nahitaji kibali?

Sehemu nyingi za katikati na mashariki ya Marekani, hapana. Ukienda kwenye hifadhi au bustani ya umma, omba ruhusa kwanza. California ni kitu kingine: huko hairuhusiwi kumshika monaki wala kumfuga bila kibali cha jimbo. Ukiwa kwenye shamba la mtu, mwombe mwenyewe. Wakulima wa hapa ni watu wema, ila mtu mgeni mwenye wavu kwenye mahindi yao huwapa maswali.

Stika haimuumizi? Na si tunaambiwa ukimgusa kipepeo vumbi likitoka anakufa?

Lile vumbi ni magamba madogo sana yanayofunika bawa. Akipoteza machache haimsumbui. Nimeona monaki waliochanika robo ya bawa wakiendelea na safari. Stika ni duara la plastiki laini la milimita 9, uzito wake takriban miligramu 10, yaani karibu sehemu 2 kwa 100 za uzito wa kipepeo. Hubandikwa upande wa chini wa bawa la nyuma, karibu na kitovu cha uzito wa mwili, ili isimyumbishe angani.

Kinachomuumiza ni mkono wenye haraka. Usimfinye tumbo na usimshike kwa bawa moja. Usimweke kwenye gari lenye joto, hata dakika tano.

Nionyeshe namna ya kubandika.

Mnase akiwa kwenye ua, kwa kuzungusha wavu kutoka nyuma au pembeni, kisha geuza mdomo wa wavu ili ujifunge. Subiri atulie na mabawa yamejikunja. Ingiza mkono, umkamate mabawa yote manne yakiwa yamefungana, vidole vikiwa karibu na kifua, penye nguvu.

Sasa tazama bawa la nyuma, upande wa nje. Katikati kuna chumba kikubwa kilichozungushiwa mishipa, chenye umbo la glavu ya mtoto, ile yenye kidole gumba peke yake. Hapo ndipo mahali pake. Inua stika kwa kijiti cha meno, maana mafuta ya vidole huharibu gundi. Iweke, kisha ibonyeze taratibu kwa sekunde mbili tatu. Kabla hujamwachia, tazama jinsia: dume ana kitone cheusi kwenye mshipa mmoja wa kila bawa la nyuma, jike hana, na mishipa yake ni minene zaidi. Fungua vidole. Wengine huondoka mara moja, wengine hukaa kwanza kwenye mkono wako wakipumua. Watoto hupenda hao wa pili.

Nini kiandikwe?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kwanza, lakini huulizwa la mwisho au lisiulizwe.

Andika namba ya stika, tarehe, mahali, dume au jike, na kama ni wa porini au wa kufugwa. Andika *kabla* ya kumwachia, na msimu ukiisha tuma orodha yote. Stika ina herufi na namba tu. Haina jina lako wala la mji wako. Ikiokotwa Mexico na namba yake haimo kwenye orodha, ni kipande cha plastiki.

Nasema kwa uchungu wa mkosaji. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika stika 25 ndani ya alasiri mbili, nikajiona bingwa, daftari nikalitia mfuko wa nyuma wa suruali. Suruali ikaingia mashine ya kufulia. Nilitoa ukurasa ulioiva kama ugali wa muhogo, hausomeki hata mstari mmoja. Vipepeo 25 wakaenda kusini wakiwa wamebeba namba zisizo na mwenyewe. Tangu siku hiyo daftari langu linafungwa kwa kamba shingoni, na usiku napiga picha kila ukurasa.

Msimu ni lini?

Inategemea uko kaskazini kiasi gani. Minnesota kilele huwa mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba. Hapa Iowa ni kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu ya Septemba. Kansas katikati ya Septemba. Texas ni Oktoba. Usianze Julai. Monaki wa kiangazi anaishi wiki chache, anapandana, anataga, anakufa palepale. Stika kwake ni hasara. Wa vuli utamjua kwa tabia. Hana habari ya kutafuta mwenza, yuko kwenye maua anakunywa nekta kama dereva anayejaza tangi, na akiruka anaelekea kusini.

Asubuhi za baridi usihangaike nao, kwa kuwa misuli yao haifanyi kazi vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 13. Ukibahatika jioni, utawakuta wamekusanyika kwenye mti mmoja mamia kwa pamoja, mabawa yamefungwa, na utadhani ni majani makavu.

Ni kweli wanaorudi si walewale?

Kweli. Kizazi cha vuli huishi miezi minane au tisa: hushuka hadi Mexico, hukaa kwenye misonobari ya milimani hadi Machi, hupandana, huanza kupanda kaskazini, hutaga Texas na majimbo ya jirani, basi. Watoto wao ndio wanaoendelea, kisha wajukuu. Anayeondoka kwetu Septemba ni kitukuu, na hakuna wa ukoo wake aliye hai aliyewahi kuiona njia hiyo.

Basi anaijuaje?

Hutumia jua. Lakini jua linasogea, kwa hiyo lazima awe na saa. Mwaka 2009 watafiti walipaka vipapasio vya monaki rangi nyeusi, nao wakapotea mwelekeo. Waliopakwa rangi isiyozuia mwanga hawakupotea. Saa iko kwenye vipapasio! Kuna ushahidi pia wa dira ya sumaku kwa siku za mawingu. Namna anavyoutambua ule mlima wenyewe mwishoni mwa safari ndiyo huniacha mimi mdomo wazi.

Nimefuga viwavi kwenye chupa. Niwabandike hao?

Unaweza, ila andika kwamba ni wa kufugwa, tena kwa ukweli. Wa kufugwa hupatikana Mexico kwa uwiano mdogo kuliko wa porini, na ukiwachanganya unaharibu hesabu ya wote. Kufuga viwavi wawili watatu ili mwanao aone kiwavi anavyogeuka ni jambo zuri. Kufuga mia moja kwenye ndoo moja sikubaliani nalo. Kuna kimelea kiitwacho *Ophryocystis elektroscirrha*, huenea kwa vumbi la mbegu zake kutoka kwa mama hadi kwenye majani hadi kwa watoto. Msongamano ndio sherehe yake. Aliyeathirika vibaya hutoka kwenye pupa na mabawa yaliyojikunja, haruki kamwe.

Stika ngapi hurudi, na nani huziokota?

Kwa jumla ya miaka yote, karibu moja katika kila mia. Wanaoziokota ni wenyeji wa Michoacán na Jimbo la Mexico: waongoza wageni, walinzi wa misitu, kina mama na watoto wa ejido, yaani vijiji vinavyomiliki ardhi kwa pamoja. Hupita chini ya miti kwenye mizoga, mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, wakitafuta kiduara cheupe. Monarch Watch hununua stika hizo kutoka kwao, na pesa hiyo ni msaada kwa watu ambao wamekatazwa kukata miti katika hifadhi ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ukisikia sifa za wajitoleaji wa Marekani na Kanada, kumbuka kwamba bila mwokotaji wa El Rosario au Sierra Chincua, misitu ya Michoacán wanakolala vipepeo hao, sisi tungekuwa tunapamba vipepeo tu.

Siwezi kukimbia, magoti yananiuma. Nina kazi gani?

Una kazi ambayo kwa maoni yangu ina faida kuliko yangu. Kuna mpango wa kufuatilia viwavi ulioanza mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Minnesota. Unachagua kipande chenye milikwidi, hata nyuma ya nyumba, na kila wiki unahesabu mimea, mayai na viwavi. Yai ni dogo kama kichwa cha pini, rangi ya maziwa, mara nyingi liko chini ya jani. Viwavi huhesabiwa kwa hatua zao tano za kukua. Wiki usiyoona kitu unaandika sifuri, na sifuri hiyo ni habari kamili. Watu huona aibu kutuma sifuri. Wanaacha wiki tatu mfululizo, na mtafiti anabaki hajui kama hapakuwa na kiwavi au hapakuwa na mhesabuji.

Chuo Kikuu cha Georgia nacho hupokea sampuli za kile kimelea: unagusisha kipande cha selotepu tumboni mwa kipepeo, unakituma, wao wanakitazama kwa darubini. Pwani ya California watu huamka alfajiri mwezi Novemba kuhesabu makundi yaliyolala kwenye mikaratusi. Wamefanya hivyo tangu 1997. Mwaka 2020 vipepeo hawakufika hata 2,000. Mwaka uliofuata wakapanda hadi karibu 247,000. Mwaka 2024 wakawa 9,119. Tarakimu za namna hiyo hazipatikani bila mtu kukubali kupata baridi.

Wanapungua kweli, au ni maneno ya wazungu?

Huko Mexico hawahesabiwi mmoja mmoja. Hupimwa eneo la msitu waliloshika. Majira ya baridi ya 1996–1997 walijaza takriban hekta 18. Yale ya 2013–2014 walikuwa kwenye hekta 0.67. Mwaka 2023–2024 ilikuwa 0.90, na 2024–2025 wakapanda hadi 1.79. Desemba 2024 idara ya wanyamapori ya serikali kuu ya Marekani ilipendekeza waingizwe kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini.

Sababu kubwa naiona kila siku nikiendesha gari kwenda kazini. Zamani milikwidi iliota katikati ya mistari ya mahindi. Zikaja mbegu za soya na mahindi zisizokufa kwa dawa ya magugu, mkulima akapulizia shamba zima, na kila kilichobaki kikafa. Uchambuzi mmoja ulikadiria kwamba kati ya 1999 na 2010 eneo hili la katikati lilipoteza asilimia 58 ya milikwidi yake. Hivyo ukipanda mche mmoja kando ya uzio, panda ule wa asili ya mahali ulipo. Ule wa kitropiki wenye maua mekundu na njano, kwenye majimbo ya kusini yasiyo na jalidi haufi, na kimelea hujikusanya juu yake mwaka mzima.

Nikimkuta aliyebandikwa tayari?

Piga picha ya stika au isome, herufi zote na namba zote, mwachie, kisha ripoti kwa Monarch Watch namba, tarehe na mahali. Usiibandue, na usiongeze ya kwako juu.

Na wewe, wako amewahi kuonekana?

Mmoja, kati ya mia tatu na kitu. Aliokotwa El Rosario. Nilipoiona namba kwenye orodha nilikimbilia madaftari: dume, wa porini, alinaswa kwenye maua ya njano nyuma ya kiwanja cha mpira, upepo wa kusini. Mwandiko ni wa binti yangu, wakati huo ana miaka minane. Namba ya mwisho ilikuwa saba, lakini saba yake ilisomeka kama moja, na pembeni yake kuna wino mwekundu, ni mimi niliyeisahihisha usiku uleule kabla ya kulala.